Alipoteza sauti, watoto wakajifunza kumtazama

Saa nane mchana, Jumamosi. Nje ya ukumbi wa jimnastiki wa watoto, viatu vimeshavuliwa na kutupwa ovyo kwenye rafu ya mbao, na wenye viatu wamebanana mlangoni kama wanagawiwa kitu. Ndani, trampolini iko wazi, shimo la sponji limejaa pomoni, na meza ya kurukia imesogezwa mahali pake.

Katikati ya mlango amesimama mwanamke wa makamo, fulana ya njano, kovu jembamba limemzunguka shingo kama mkufu. Anamtazama mtoto wa kwanza machoni. Mtoto naye anamtazama, anapita. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu anajaribu kupenya chini ya mkono huku akicheka na mwenzake; anarudishwa kwa kidole kimoja, anasimama, anatazama, ndipo anapita.

"Asiyenitazama mlangoni hatanitazama akiwa hewani," anasema.

Kumsikia inabidi umsogezee sikio. Sauti yake ni mnong'ono mkavu, kama karatasi inayokunjwa.

Watoto wanamwita Shangazi Honi. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni utani wa kikatili, lakini jina lilimfika kabla ya ugonjwa, na lilikuwa halali yake.

Zamani aliuza nguo za watoto sokoni, za mtumba, na mtaji wake mkubwa ulikuwa koo. "Nikinadi upande huu, mtu wa upande ule anageuka akidhani nimemtaja yeye," anasema, na mabega yanamtikisika. Hivyo ndivyo anavyocheka siku hizi.

Ukumbini alifika akimleta kitinda mimba wake. Siku moja kocha mkuu, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanzisha mafunzo hayo, alizidiwa. Watoto walikuwa wamepanda juu ya kila kitu na wanarushiana sponji. Kutoka benchi la wazazi, mama huyu akaita mara moja tu: "Kaeni chini!"

"Wote wakakaa," anakumbuka kocha. "Hata mimi nilikaa."

Wiki ile ile akamwajiri. Mshahara ni wa kula na kulala, hauna cha ziada, ila ni wa uhakika kuliko soko. Kazi yenyewe ni kusimamia kipindi huria, yaani zile saa ambazo ukumbi hauna darasa na kila mtoto anachagua mwenyewe anachotaka: huyu anapiga samasoti, yule anatembea juu ya boriti, mwingine anajitupa tu kwenye sponji mpaka achoke. Kazi yake nyingine ni shughuli maalumu, kama sherehe za kuzaliwa, siku za wazazi na maonyesho ya mwisho wa muhula.

Katika darasa la kawaida kocha anao watoto wachache, wote wanafanya kitu kimoja. Kipindi huria ni vurugu yenye ruhusa. Mwenye kukimbia anakimbia, mwenye kupinduka anapinduka, na msimamizi ndiye anayepaswa kujua nani atagongana na nani kabla wenyewe hawajajua. Kwa miaka Shangazi Honi aliifanya kazi hiyo akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Ilimtosha kupaza sauti.

Kisha shingo ikaanza kuvimba.

Ilikuwa tezi. Daktari alisema itolewe, ikatolewa, na uvimbe haukuwa wa kuua. Familia ilishukuru. Lakini alipoamka na kutaka kumwita mumewe aliyekuwa amesinzia kwenye kiti kando ya kitanda, hakikutoka kitu ila upepo. Akapiga kitanda kwa kiganja mpaka mzee akashtuka.

Aliambiwa mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umeumia. Huenda ungejirudi wenyewe baada ya miezi. Haukujirudi.

"Mimi nilidhani atapumzika," anasema mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. "Nikamwambia, mama watoto, tutabanana hivi hivi, wewe kaa. Akanitazama. Nikajua nimekosea kusema."

Kocha mkuu naye alikuja nyumbani, akazungukazunguka, akaulizia hali, akasifu chai. Mwishowe akasema kuna kazi ya stoo: kutunza magodoro, kuhesabu chaki za kupaka viganjani, kufunga na kufungua. Mshahara ule ule. Hakuna aliyeona kuwa ni ofa mbaya, isipokuwa yeye mwenyewe.

"Stoo haina watoto," anasema sasa, na hilo kwake ni maelezo tosha.

Aliomba muhula mmoja. Akishindwa, ataingia stoo bila kinyongo. Kocha akakubali, ingawa anakiri kuwa moyoni alishampangia rafu za stoo.

Jaribio la kwanza lilikuwa filimbi, na liliishia vibaya. Wiki ya pili tu, akitaka kuwazuia wawili waliokuwa wanasukumana kwenye trampolini, aliipuliza kwa nguvu zake zote. Ng'ambo ya ukumbi, msichana aliyekuwa juu ya boriti akashtuka, mguu ukateleza, akaangukia mkono. Kifundo kikateguka. Hakikuvunjika, lakini mtoto alilia, na mama yake akaja juu, na alikuwa na haki.

Shangazi Honi alimpeleka mwenyewe zahanati. Aliporudi aliitupa filimbi kwenye pipa la taka. "Kelele ni kelele, iwe yangu iwe ya chuma," anasema. "Nilimwonya mmoja nikamwangusha mwingine. Na nikajiuliza, kwani hata ile sauti yangu ya zamani, ni wangapi niliwashtua hivyo nisijue?"

Ndipo alipofunga kibwebwe na kuanza upya. Alikiondoa kile kiti cha plastiki. Akatafuta mahali ambapo kila mtoto anaweza kumwona, akagundua hapapo, hivyo ikabidi awe anatembea. Akaweka alama chache. Mkono juu: simama, nawe uinue wako. Kiganja chini: kaa. Vidole viwili machoni: nitazame kabla hujaanza. Na anayetaka kukimbilia meza ya kurukia hakimbii mpaka Shangazi, aliyesimama upande wa pili wa meza akimkabili, amemwitikia kwa kichwa.

Kwenye maelezo ni rahisi. Ukumbini, wiki za mwanzo zilimtoa jasho. Wadogo walisahau. Wakubwa, hasa kundi la wasichana waliojiona wameshahitimu, walimwigiza mnong'ono wake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baadhi ya wazazi walianza kuulizana chini chini kama kipindi hicho bado ni salama.

Jumamosi moja mambo yaliharibika kabisa. Ukumbi ulikuwa kama soko. Aliinua mkono. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuzima muziki, kocha alikuwa pale pale kwenye swichi na alimwonyesha kwa ishara, "Nizime?" Akakataa kwa kichwa. Akabaki amesimama katikati ya zulia, mkono juu.

"Nilimwonea huruma," anasema kocha. "Watu wazima tulikuwa tunaangalia pembeni kwa aibu."

Mkono ulichoka. Akaushika kwa mkono mwingine, hakuushusha. Kisha kabinti kadogo kuliko wote, kalikokuwa kanasubiri zamu ya trampolini, kakainua mkono wake. Jirani yake akauliza kuna nini, naye akainua. Ikasambaa polepole, kutoka trampolini mpaka kwenye boriti, kutoka boriti mpaka kwenye vyuma vya kuning'inia, mpaka wale wasichana wakubwa wakajikuta ndio pekee wanaopiga kelele katika ukumbi ulionyamaza. Wakatazamana. Mmoja mmoja, wakainua.

Shangazi Honi aliushusha mkono, akaashiria waendelee. Basi. Hakuwahutubia.

Wiki iliyofuata aliwakabidhi wale wasichana foleni ya trampolini waisimamie, kwa ishara zake. Mmoja wao, ambaye sasa ni msaidizi wake, anacheka akikumbuka. "Tulidhani katuadhibu. Kumbe katuajiri."

Mtihani wenyewe, hata hivyo, ulikuja na sherehe ya kuzaliwa. Ukumbi hukodishwa kwa sherehe hizo, na wageni huwa watoto ambao hawajawahi kukanyaga pale. Hawajui alama yoyote. Baba wa msherehekewa, mfanyabiashara aliyezoea kusikilizwa, alipopewa mkono na Shangazi Honi na kusikia ule mnong'ono, alimgeukia kocha.

"Mnanipa msimamizi asiye na sauti? Watoto wote hawa?"

Kabla kocha hajajibu, Shangazi Honi alikuwa ameshawakalisha watoto kwenye zulia, yeye mwenyewe akiwa katikati yao, akinong'ona. Ili wamsikie, walisogea. Walipotaka kumwuliza kitu, nao, bila kuambiwa, walinong'ona.

"Watoto wana tabia hiyo," anaeleza. "Ukiwapigia kelele wanakujibu kwa kelele. Ukiwanong'oneza wanadhani ni siri, na siri wanaipenda."

Akawafundisha mkono juu, kiganja chini, macho. Wakafanya mazoezi kama mchezo. Nusu saa baadaye walikuwa wanaruka, wanapinduka, wanaelewana.

Zamu ya meza ya kurukia ikafika. Binamu wa msherehekewa, msichana mkubwa mwenye miguu mirefu, alisimama mwisho wa njia, akatazama, akaitikiwa, akachomoka mbio. Wakati huo huo mdogo wake msherehekewa, mtoto wa miaka miwili ambaye hakuwa kwenye orodha ya wageni wala mawazoni mwa mtu, aliteleza kutoka mapajani mwa mama yake, akapita katika pengo kati ya mabenchi mawili, na kuingia kwenye njia akifuata puto.

Baba mtu alimwona. Alifungua mdomo. Anasema mwenyewe kuwa hakikutoka kitu.

Shangazi Honi alikuwa ameshainua mkono. Binti aliyekuwa anakimbia, macho yakiwa kwake, aliuona. Hakujua anazuiwa nini. Alijua tu kuwa anazuiwa. Akajikalisha kwa makalio, akaserereka juu ya zulia, akasimama hatua chache kabla ya yule mdogo, ambaye alikuwa amelishika puto lake na anawatazama watu kwa mshangao. Ukumbi mzima, mikono ilikuwa juu.

Tulipompigia simu yule baba, hakutaka kusema mengi. "Mimi ningeita, na yule binti angegeuka kuniangalia mimi huku anakimbia," alisema. "Hilo ndilo ninaloliwaza." Siku ile hakutoa hotuba wala samahani ndefu. Alichukua kiti chake, akakiweka katika lile pengo kati ya mabenchi, akakaa hapo mpaka sherehe ikaisha.

Shangazi Honi hajivunii tukio hilo. Anasema pengo lile alipaswa kuliziba kabla ya kumfungulia mtu mlango, na siku hizi hapatumiki kiti, pana kizuizi cha mbao alichochongesha kwa fundi. Muhula ulipoisha kocha hakulizungumzia tena suala la stoo. Alimwuliza tu kama anaweza kuwafundisha makocha wengine zile alama.

Habari zilitembea. Miezi michache iliyopita mama mmoja alibisha hodi akiwa na binti yake wa miaka tisa, ambaye hasikii tangu kuzaliwa. Kumbi nyingine mbili zilikuwa zimemkataa kwa upole, zikisema hawatajua kumwita akiwa hatarini.

"Nimeambiwa hapa hamwaiti watoto kwa sauti," mama alisema.

"Hata tukitaka," Shangazi Honi akamjibu kwa mnong'ono wake, "hatuna."

Binti huyo sasa hakosi kipindi huria, na kwenye boriti amewapita wengi. Naye amekuwa mwalimu. Kila Jumamosi, kabla ya mlango kufunguliwa, anakaa na Shangazi Honi kwenye ngazi na kumfundisha lugha ya alama. Mwanafunzi ni mzito. Wiki iliyopita alidhani anamwambia "subiri zamu yako", binti akaanguka kwa kicheko, na mpaka leo amekataa katakata kumwambia alisema nini.

Likizo ya shule inakaribia, na hapo ndipo ulipo mpango wake. Anataka kuandaa siku maalumu kwa watoto wasiosikia, kutoka shule mbili za jirani, pamoja na ndugu zao wanaosikia. Kocha amekubali kutoa ukumbi. Mumewe anafunga taa za kuwakawaka juu ya kila kifaa, ili aliye kwenye trampolini na aliye kwenye vyuma wazione bila kugeuka. Wasichana wa foleni wanafundishwa lugha ya alama ya watoto hao. Muziki utakuwa ngoma kubwa itakayowekwa juu ya sakafu ya mbao, waisikie kwa nyayo.

Daktari naye ana mpango wake. Upo upasuaji mdogo unaoweza kumrudishia sehemu ya sauti, na jina lake limefika juu ya orodha ya wanaousubiri. Walimpa tarehe, akaangalia kalenda, akaikataa. Ilikuwa wiki ile ile ya watoto.

"Sijasema sitaki," ananong'ona, huku akiegemeza kizuizi cha mbao ukutani na kuanza kutandika magodoro. "Nataka sana. Nina mengi ya kumwambia mume wangu. Lakini waje kwanza hawa, waruke, warudi kwao wazima. Halafu nitampelekea daktari shingo yangu."