Ganzi Niliyoiita Feki

"Unaumia, au unahisi nasukuma tu?" daktari wa meno aliniuliza.

Nilikuwa hoi. Kwa maumivu ya jino la shangazi hakuna aliyekuwa akilala nyumbani, na sindano anaiogopa. Nikamwambia, "Langu nalo bovu. Natangulia mimi, uone lilivyo jambo dogo." Akakaa nje ya pazia, kwenye kliniki moja hapa Kariakoo.

Nilichomwa ganzi, mdomo ukawa mzito kama wa kuazima. Lakini koleo liliposhika jino, nilihisi taya zima linasogea. Mimi ninayekagua hata kizibo cha maji ya chupa, nikakumbuka niko mtaa gani, wa bidhaa feki kila kona. Mdomo ulipoachiwa tu, nikapiga kelele, "Dawa feki! Mnaning'oa hivihivi!"

"Dada, tulia," daktari akasema. "Jino lako si hili hapa, limeshatoka?"

Nikafunua pazia nimwoneshe shangazi. Kiti kitupu.

"Yule mama uliyekuja naye kakimbilia mtaa wa Gerezani," mgonjwa mmoja akaniambia. "Kandambili kakuachia wewe."

Tuliendelea kukesha naye. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba ganzi ya sindano huzuia maumivu, lakini unaweza kuendelea kuhisi unasukumwa.