Kigoda cha Rulia

Nilikuwa karani wa chuo cha matabibu wa mifugo, Lahore, kwa miaka ishirini na sita, na nikwambie kweli: wakuu wa chuo walikuwa wa kutia saini. Walikuwa Waingereza, joto likianza tu, hao, milimani Shimla. Somo lenyewe, yaani kupasua mizoga, lilikuwa mikononi mwa Rulia mchuna ngozi, mtu wa jamii ya chini kabisa.

Walimu wetu wengi walikuwa watu wa jamii za juu, na mzoga wa ng'ombe kwao ni najisi. Basi mwalimu alisimama hatua tano na fimbo yake, Rulia akapasua, mwalimu akaonyesha: lile ini, ule wengu. Ila kabla ya kupasua Rulia alikuwa na kawaida yake. Aliuzunguka mzoga, akaukunja mguu mmoja, akaangalia pua. Asipopenda alichokiona, alirudisha kisu alani akaenda zake nje. Hakuna aliyemuuliza. Mzoga ulizikwa na chokaa, na mwalimu akaandika kwamba yeye ndiye aliyeamua. Uongo mtupu, nami niliunakili kwa mwandiko mzuri.

Mwaka mmoja mkuu aliugua, akarudi kwao. Pandit Hirday Nath Kaul, mwalimu wetu, Mbrahmani, yaani wa jamii ya juu kuliko zote, akakaimu, mwenyeji wa kwanza kukalia kiti kile. Septemba angekuja mkaguzi. Akiridhika, Kaul angethibitishwa; asiporidhika, angeletwa Mwingereza mwingine. Kaul alikuwa mtu mwema, lakini mwenye haraka. Wazungu walizoea kusema kwamba sisi hatufai utabibu kwa kuwa tunaogopa kuchafua mikono. Akaapa atawaziba midomo.

Alfajiri ya siku ya ukaguzi maksai wa mkokoteni alikufa zizini. Wanafunzi wakaagizwa wamburute wenyewe hadi mezani.

"Rulia, leo kaa nje," Kaul akasema. "Nitapasua mwenyewe."

"Wewe, Panditji?"

"Mimi. Kwani sina mikono?"

"Mikono unayo. Sasa nyumbani nani atakupokea?"

Wanafunzi wakacheka, na Kaul naye akacheka. Rulia akatoka, akachuchumaa kizingitini. Hakuuzunguka mzoga, hakukunja mguu. Nani angemkumbuka, na mkaguzi keshakaa na daftari lake?

Kaul akakunja mikono ya shati, akashika kisu. Wanafunzi wakasogea karibu, vidole mezani. Mmoja akauinua mguu wa maksai kumpisha mwalimu, nao ukakunjika kama wa mnyama aliyelala. Tangu alfajiri, na bado haujakakamaa! Rulia akaliona hilo akiwa mlangoni. Nami nilimwona akinyanyuka.

"Panditji, usikate!"

Kaul hakugeuka. Rulia akaingia mbio, akamdaka kifundo cha mkono mbele ya watu wote. Lo! Nyumbani kwa akina Kaul, Rulia angekanyaga kizingiti tu, kingeoshwa. Wanafunzi wakaguna. Mimi kalamu ilinidondoka.

"Tazama pua," Rulia akasema, bila kumwachia. "Damu nyeusi, na haigandi."

Mkaguzi akauliza, "Nani mkuu hapa?"

Kaul alitazama pua ya maksai, akatazama mkono uliomshika. Akaweka kisu chini. Akatoa tone la damu sikioni mwa maksai, akalitia chini ya hadubini. Ilikuwa kimeta. Kisu kile kingeingia, pengine tungezika wanafunzi pamoja na ng'ombe.

Rulia akamwinamia mkaguzi. "Sahib, Panditji ndiye aliyeniagiza nisimame mlangoni nimzuie. Alitaka kuwapima wanafunzi."

Uongo mzuri ulioje! Uliletwa umeshapikwa, ni kula tu. Mkaguzi mwenyewe alikuwa tayari kuuandika. Nilimwomba Mungu Kaul anyamaze.

"Hapana," Kaul akasema. "Mimi nilimtoa nje. Nilitaka kuonekana. Nisingejua kama asingenishika."

Mkaguzi akaandika. Wiki ya tatu akaletwa Mwingereza.

Kaul akarudi kufundisha. Siku ya kwanza alikuja na kigoda cha mbao, akakiweka kando ya kiti chake pale mezani. "Cha Rulia," akasema. Rulia hakukikalia. Aliweka juu yake kitambaa cha kufutia kisu, akaendelea kusimama. Miaka kumi na mitatu. Nilimwambia, "Kaa, we mzee, miguu imekuvimba." Akanijibu kwamba mimi Munshiji, bwana karani, nishike kalamu yangu.

Siku Kaul alipostaafu, alitoa kile kitambaa, akakikung'uta.

"Nilipoteza cheo kwa ajili yako, Rulia. Nawe kukalia kigoda tu kumekushinda?"

"Usinisingizie, Panditji. Mimi nilikupa uongo, ukaukataa mwenyewe."

"Kweli. Basi kaa, nami nimechoka kukaa peke yangu."

Rulia alitutazama, mmoja mmoja. Kisha akakaa. Akalia sana, na Kaul akamshika kifundo cha mkono, palepale alipowahi kushikwa yeye.