Mzee Niliyetaka Atolewe

Naandika haya nikiwa bado naona aibu, ingawa nyumbani kwetu Tabata wenzangu wanacheka tu. Mie hukagua marekebisho madogo kwenye kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Kazi yenyewe ni kusafisha mistari ya programu isiyotumika, na kipande cha zamani sana sie wakaguzi tunakiitaga "mzee".

Jumamosi asubuhi nilikuwa sebuleni kwenye kikao cha mtandaoni. Baba mkwe, aliyetoka Moshi kututembelea, alikuwa barazani anakunywa chai, na dirisha lilikuwa wazi.

"Huyu mzee hana kazi tena," nikawaambia wenzangu. "Hakuna anayemwita, anajaza nafasi tu. Tumtoe leo."

Neema, mkaguzi mwenzangu, akauliza, "Akitoka hakuna kitakachoharibika?"

"Nimeshaangalia. Hakuna hata atakayegundua kama ameondoka."

Nikajisifu kimoyomoyo. Nilipoinua macho, baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, koti amevaa, begi mkononi.

"Mwanangu, asante kwa chai," akasema taratibu. "Nielekeze tu pa kupandia basi la Moshi."

Niliruka kutoka kitini, nikamwonyesha ile mistari kwenye kioo cha kompyuta, nikawa namweleza huku jasho linanitoka. Akainama, akaitazama kwa muda, kisha akaweka begi chini na kucheka mpaka ikabidi akae.

Hapo sauti ya Neema ikatoka kwenye kompyuta, kikao kizima kikisikiliza.

"Shikamoo baba. Basi tumeamua mzee abaki."