Treni Haijasimama

Evodie alianza kazi kwenye nyumba yetu ya wazee, hapa Kalemie, akiwa na meno yote. Mimi Agathe, mpishi, naapa. Anawaosha na kuwavalisha wazee kumi na wanne, asubuhi nzima yuko peke yake. Sasa ana kovu juu ya jicho, kidole kilichopinda na pengo mbele.

Pengo ni kazi ya Papa Hippolyte, aliyekuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Akili imemtoroka, nguvu zimebaki. Miaka miwili Evodie alimwambia kwa upole kila asubuhi kando ya kitanda, "Papa, tushuke, maji iko tayari," na kila asubuhi alipokea fimbo, mara mgongoni, mara magotini. Tukilalamika, wakubwa wa nyumba walijibu eti mzee ni sawa na mtoto. Mtoto gani mwenye ngumi zile? Mimi nilichemka, yeye akameza. Aliniambia haogopi fimbo, anaogopa mkono wake mwenyewe.

Jumanne moja, nikiwa nimeleta maji ya moto, fimbo ilimpata Evodie mdomoni, jino likaanguka ndani ya beseni. Evodie aliliangalia. Kisha akamnyang'anya mzee fimbo, akampiga nayo usoni mara moja, mara mbili, mara tatu, damu ikaruka kwenye shuka, mpaka nikamkamata kwa nyuma na kumvuta.

"Mama Agathe, niache nimuue," alisema, na hakuwa anatania.

Jumapili Emile, mdogo wake mzee, alifika kutoka Kabimba. Tulimwambia ukweli. Aliangalia uso wa kaka yake, halafu akauliza, "Asubuhi munamwambiaka nini?"

"Tushuke," Evodie alijibu.

"Njo hilo neno linamuchokoza, Mama. Kulikuwa muntu alishuka treni ikitembea, ikamukata mbele ya macho ya kaka. Tangu pale, anayetaka kushuka anamupiga, amuzuie. Mumwambie treni imesimama."

Miaka miwili ya kipigo, na dawa yake maneno mawili. Nililia kwa hasira.

Kesho yake Evodie alisimama kando ya kitanda. "Papa, treni imesimama."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaacha fimbo, akashusha miguu mwenyewe. Evodie akanyoosha mkono amshike kiwiko. Papa Hippolyte akajikunja, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Mama, usinipige," alisema.

Mpaka leo anashuka vizuri, na mpaka leo anajifunika uso.