Nilimwachia Mama Mukwe Kosa Yangu

Kosa ni yangu. Naanza na neno hilo juu nikianza na kujitetea, nitajitetea mpaka mwisho, sawa vile nilifanya miezi yote ile.

Mi ni mama wa batoto batatu. Tunaishi Butembo, kule Kimemi. Bwana yangu ni mwalimu wa secondaire, mi nauzisha vitenge sokoni. Jina yangu sitasema, na majina ya batoto nimebadilisha. Mais lakini mambo yenyewe ni vile ilikuwa.

Wa kwanza ni Masika, ana miaka saba. Wa pili ni Muhindo, miaka ine. Wa tatu bado iko kwa mugongo.

Muhindo alianza kuanguka wakati alikuwa na miaka tatu. Anacheza muzuri, mara moja macho inageuka, mikono inakauka, mate inatoka. Tulimupeleka kwa docteur hapa Butembo. Akatuambia ni kifafa, si ulozi, na haiambukize mutu. Akatupa vidonge, nusu asubuhi, nusu jioni.

“Mama, unisikie muzuri,” docteur alisema. “Usiruke hata siku moja. Hata ukiona amepona.”

Nilisikia. Ee Mungu wangu, nilisikia kila neno!

Dawa ilisaidia. Miezi tano, hakuna crise hata moja, hakuanguka. Mais ilikuwa inamulegeza mutoto. Anakaa tu, kichwa chini, analala kwa kiti na mukate kwa mukono. Bwana yangu alisema atazoea. Mi nilikuwa nasikia haya. Hata bandugu zetu hatukubaambia ugonjwa yake. Ni mi nilikataa. Nilisema bataanza kutusemasema.

Siku moja kwa batizo ya mutoto wa wifi yangu, wifi alimuangalia Muhindo vile amelala kwa mapaja yangu. Akacheka mbele ya batu.

“Huyu wenu iko zoba? Bangu wa umri yake banaruka ukuta!”

Batu bakacheka. Na mi nikacheka. Neno ile, zoba, kusema mujinga, nikatembea nayo kwa roho mpaka Noeli.

Noeli ile tulipaswa kwenda Beni, kwa mama wa bwana yangu. Batoto banamwitaka Koko. Ni mujane, analima kabustani nyuma ya nyumba, na kila mwaka anakusanya batoto na bajukuu bote. Wifi naye atakuwa pale na batoto yake ine benye kuruka ukuta.

Donc, wakati masomo ilifungwa, nilifanya nini? Nilikata dawa. Hakuna mutu aliniambia. Nilifunga kikopo ya vidonge ndani ya kitambaa, nikaitia chini kabisa ndani ya sakoshi yangu ya mukono. Nikajisemea: ni siku chache tu, apite Noeli akiwa macho, nitamurudishia tukifika nyumbani.

Na muangalie vile shetani iko na akili! Siku ya pili mutoto akaamuka. Akaanza kukimbia. Akaimba. Siku ya tatu, ndani ya gari ya kwenda Beni, alikuwa anauliza kila kitu: ile ni nini, ile ni nani, askari yule anakulaka wapi. Bwana yangu akanigusa bega.

“Unaona? Kupumuzika kwa vacances inamufaa.”

Nikajibu: “Ndiyo, Papa Masika.” Roho yangu ilikuwa tamu sana.

Siku ya Noeli asubuhi Muhindo alilia tumbo. Siku moja mbele ya ile alikuwa amekula mikate ya mafuta bila kipimo. Koko akaenda kwa bustani, akachuma majani yake, akachemsha, akamupa nusu ya kikombe. Tumbo ikatulia. Tukaenda misa. Alikuwa na shati nyeupe na viatu mupya, na alisimama misa nzima bila kulala! Nilimutafuta wifi kwa macho aone.

Kisha misa tulikaa kwa parcelle, kiwanja ya nyumba ya Koko. Muchele ilikuwa imeiva, mbuzi ilikuwa kwa moto, batoto banakunywa sucré, soda. Muhindo alikuwa anacheza katikati ya batu, banamupigia makofi. Wifi mwenyewe akasema: “Eh! Kumbe huyu iko na moto!”

Hiyo ndiyo neno nilitafuta. Sikuifurahia hata dakika moja.

Alianguka kifudifudi. Nilifikiri amejikwaa. Mais mikono ilikuwa imekauka, na midomo ikawa bluu. Crise ya zamani ilikuwaka inapita mbio. Hii haikupita. Bwana yangu alimubeba, akapanda moto, pikipiki ya jirani, mi nikapanda ingine nyuma na mutoto wa mugongo. Njia yote nilikuwa naona miguu ya Muhindo inatikisika pembeni ya pikipiki. Kiatu moja ilianguka njiani. Hakuna mwenye alisimama kuiokota.

Kwa hospitali balimutia sindano, ikapunguka kidogo, kisha ikaanza tena. Docteur alikuwa kijana, jasho inamutoka. Akauliza kama mutoto ana ugonjwa. Bwana yangu akaeleza yote: kifafa, docteur wa Butembo, jina ya dawa.

“Dawa anaikunywa kila siku?”

“Mama yake ndiye anamupa,” bwana yangu akajibu. Akanigeukia.

Bote babili bakaniangalia. Ndugu zangu, pale ndipo nilikuwa na nafasi. Neno moja tu! Mais niliona uso ya bwana yangu, nikaogopa.

“Ndiyo, docteur. Kila siku. Hata leo asubuhi.”

Docteur akatikisa kichwa. “Basi kuko kitu ingine. Microbe kwa kichwa, ao sumu. Amekula nini? Amekunywa nini?”

Wifi alikuwa amefika na Koko. Akasema mbio: “Mama alimupa majani. Leo asubuhi.”

Bote bakageuka kwa Koko. Mama muzee alikuwa ameshika ile shati nyeupe yenye balikuwa bamevua mutoto. Akasema sauti ya chini: “Ni majani ya tumbo tu. Nyinyi bote niliwanywesha ile.”

Na mi nikanyamaza.

Juu ya bongo yangu, uongo ule, docteur alipaswa kutafuta ile microbe. Balimukunja mutoto wangu, infirmiers babili, bauguzi, bamemushikilia, bakamutoboa mugongo na sindano ndefu kutosha, kutoa maji ya kupima. Alilia! Hata ndani ya ule ulegevu alilia. Mi nilikuwa inje ya mulango, mikono kwa masikio. Nilijua sindano ile haina kazi.

Hawakupata kitu. Crise ikarudi mara ya tatu.

Infirmière mumoja, mama mutu muzima, akanifuata pale ukutani. Hakunikaripia.

“Mama, nionyeshe kikopo ya dawa.”

Nikaitosha kwa sakoshi. Akafungua kitambaa, akaangalia ndani, akaangalia tarehe yenye iliandikwa juu. Akanitazama tu.

“Tangu siku ngapi?”

“Tano,” nikasema. Nikaanguka kwa magoti. “Mama, nakuomba, usimwambie bwana yangu.”

“Bwana yako ni mambo yako. Mi naenda kumwambia docteur.”

Alikimbia. Balimutia dawa yake yenyewe kwa mushipa. Kisha muda crise ikasimama, na haikurudi tena. Docteur alipita mbele yangu bila kuniangalia; bwana yangu hakumwambia kitu, aliniachia mi niseme. Ningependa anitukane.

Muhindo alikaa siku mbili bila kufungua macho. Alipoamuka, mukono ya kuume ilikuwa haishike kitu. Na maneno ilikuwa imepotea. Mutoto mwenye aliuliza askari anakulaka wapi, sasa anasema “mama” na “maji”, basi.

Bonane, mwaka mupya, tuliipita pale hospitali. Koko alileta uji kila asubuhi. Siku moja bwana yangu alimusimamisha kwa mulango.

“Mama, rudisha. Hatakula kitu ya mukono wako tena.”

“Baba, mi ningemutendea ubaya mutoto wako?”

“Sijue. Ninajua tu kama mutoto alikuwa anakunywa dawa, alikuwa muzima, akakunywa majani yako, akaanguka.”

Ni mi nilimupa hesabu ile ya bongo! Nilikuwa hapo, nafunga leso ya mutoto. Sikuinua kichwa.

Tukarudi Butembo. Kila siku nilijisemea: kesho. Kesho nitasema. Mais bwana yangu alikuwa ananihurumia sana, anachota maji, anasema, “Wewe umeteseka, mama.” Namna gani kumwambia mutu mwenye anakuhurumia?

Siku moja ya jumamosi Koko akakuja. Alitoka Beni na kuku ndani ya kikapu, na mananasi ine. Bwana yangu alisimama kwa mulango ya parcelle, hakufungua yote. Nilikuwa nyuma ya rideau, pazia ya dirisha. Nilimuona Koko anaweka kikapu chini, anauliza kitu. Bwana yangu akatikisa kichwa. Koko akasimama kidogo, akafunga kitambaa kwa kichwa yake muzuri, akaenda. Kikapu akaiacha.

Masika alikuwa pembeni yangu.

“Mama, ni kweli Koko ni ndoki, mulozi? Kule Beni batoto ya shangazi banasema ni yeye alimukamata Muhindo.”

Mungu anisamehe. Nilimujibu: “Nyamaza, enda kucheza.” Sikusema hapana. Hata kwa mutoto wa miaka saba sikuweza kusema hapana!

Mbele kidogo ya Pasaka, wifi akatupigia simu. Nilipokea mi, juu bwana yangu alikuwa anakosoa ma-interro, mitihani ya banafunzi. Wifi akaanza bila salamu.

“Mama iko mubaya. Majirani bamemukimbia. Kwa misa, akikaa kwa banc, batu banahama. Juzi alienda mwenyewe kwa chambre, chumba ya maombi, bakamwambia aungame alimupa mutoto kwa baloji. Amefunga siku ine, hakuna maji, hakuna chakula. Na jana aling’oa majani yote ya bustani, akachoma.”

Simu ilianguka. Bwana yangu akauliza: “Ni nini?”

Nikamwambia. Nikiwa wima vile vile, mutoto kwa mugongo. Nilimwambia ya kikopo, ya kitambaa, ya siku tano, ya infirmière. Aliweka bic, kalamu yake, chini pole pole.

“Docteur alikuuliza mbele yangu.”

“Ndiyo.”

“Na bakamutoboa mutoto mugongo.”

“Ndiyo.”

“Na mama yangu nikamufukuza kwa mulango. Na uliona.”

“Niliona.”

Hakunipiga. Hakulalamika. Alitoka, akakaa kwa jiwe ya kufulia, mikono kwa kichwa, na banafunzi benye balikuwa banapita kwa njia bakamusalimu, hakuitika. Asubuhi akaniambia neno moja: “Vaa. Utasema mwenyewe.”

Kule Beni aliita bote benye balikuwa siku ya Noeli. Koko balimukalisha kwa kiti. Alikuwa amekonda mpaka pete ilikuwa imefungwa na uzi isianguke. Nilipiga magoti mbele yake na mbele ya bote, nikasema yote, mpaka neno ya zoba. Wifi akaanza kulia. Bwana yangu alikuwa anaangalia ukuta.

Koko akaniinamia. Kisha akauliza:

“Unasema kweli, mwanangu? Ao balikutuma useme hivi juu mi nipate kula?”

“Ni kweli, Mama. Ni mi. Hakuna mutu alinituma.”

Akaangalia mikono yake, juu na chini, kama ya mutu mwingine.

“Mi nilikuwa nimeishaamini,” akasema. “Nilisema pengine bananitumaka nikilala, na mi sijue. Nilikuwa naogopa mikono yangu.”

Sijawahi kusikia neno ya kuuma kuliko ile. Angenipiga fimbo ningeshukuru.

Alinisamehe. Alisema, “Nimekusamehe.” Mais nilipomushika mukono, aliitosha ndani ya yangu pole pole. “Usiniguse kwanza. Acha tu nikae.”

Leo tuko vile tuko. Bwana yangu hakunifukuza. Tunakula pamoja, tunasali pamoja, mais vidonge ya Muhindo ni yeye anaweka kwa mufuko yake ya shati, ni yeye anamupa, asubuhi na jioni. Akisafiri, anamwachia Masika maagizo, si mi. Mutoto wa miaka saba! Muhindo tunamupeleka kwa mazoezi ya mukono. Ameanza kushika kijiko. Maneno inarudi moja moja. Docteur hakutuahidi kama yote itarudi.

Na Koko? Anakula, anatembea, amerudi kwa misa. Mais batu benye balisikia ubaya yake ni quartier, mutaa nzima, na benye balinisikia mi ni batu ya parcelle moja. Bado kuko bamama Beni banavuka njia na batoto yao bakimuona. Nilienda kwa nyumba zao kueleza. Bamoja banafungua, bengine hapana. Mumoja aliniambia, “Uko mukwe muzuri, unamukingia mama mukwe yako.” Hakuniamini, vraiment!

Mama mwenye unasoma hii, dawa ya mutoto si ya kuficha, na usiikate juu ya kicheko ya wifi, hata angecheka mwaka muzima. Docteur akikuuliza, ujibu kweli, hata kama bwana yako amesimama pale na macho yote. Bongo yangu ilimutoboa mutoto mugongo.

Na ukiona mutu mwingine ameanza kuhukumiwa juu ya kosa yako, usiseme kesho. Kesho yangu ilikuwa miezi ine. Sema saa ile ile, bakutukane, bakufukuze, basi! Sema wakati yeye bado anajua hana kosa.