Mti wa Wana Wawili

Kaka yangu alitoweka tulipokuwa tukiishi Kainuk. Wavamizi walikuja alfajiri, wakaswaga mbuzi na ngamia wetu pamoja na wa majirani, naye akaondoka na vijana wenzake kufuata nyayo. Wenzake walirudi. Walisema walimwona akianguka ng'ambo ya korongo, risasi zikawazidi, wakashindwa kumfikia. Walipokwenda tena pamoja na askari, hawakukuta mtu wala nguo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi anatembea. Atafika."

Hakunyoa nywele wala kuvua shanga kama mfiwa wa kwetu afanyavyo, hakumruhusu mtu yeyote alie nyumbani kwake. Tulihamia Lodwar, nikakua, nikajifunza kushona, nikafungua kibanda cha cherehani. Mama akazeeka akingoja. Kila mgeni aliyetoka Kainuk alimuuliza habari za malisho, za mvua, za mto. Halafu alimtazama mdomoni, kana kwamba bado kuna neno limebaki humo. Jioni alipenda kukaa kando ya mto Turkwel. Maji haya, alisema, yamepitia kwetu.

Mimi nilikuwa mdogo kaka alipoondoka, na niliyobaki nayo ni machache. Nakumbuka akinivusha mto mabegani, mikono yangu imeshika kichwa chake kilichonuka moshi. Nakumbuka alivyokunywa chai bila kuikoroga, ili sukari ibaki chini ya kikombe, kisha akanipa kikombe nikombe kwa kidole. Alikuwa akirudi malishoni akipiga mluzi, na miaka mingi nilikuwa nikisikia mluzi barabarani nageuka.

Vitenge vya kazi yangu huvinunua Kakuma, kwa mama mmoja wa Sudan Kusini mwenye duka dogo ndani ya kambi ya wakimbizi. Tumezoeana kiasi kwamba nikifika hunikaribisha chai kabla hatujazungumza biashara. Siku moja nilimkuta anafunga duka mapema, ameshika dumu la maji.

"Unaenda kumwagilia sukuma wiki?" nikamtania.

"Hapana, dada. Namwagilia watu yangu."

Nilimfuata. Nyuma ya kanisa lao, ndani ya ua wa matawi ya miiba, palikuwa na bustani. Miarobaini ilikuwa imepandwa kwa safu, kila mmoja umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na ardhi kati yake imefagiliwa mpaka inaonyesha mistari ya ufagio. Hakukuwa na kibao wala msalaba juu ya mti wowote. Wanawake wa kanisa ndio walioipanda, akaniambia, kila mmoja kwa ajili ya mtu wake aliyeachwa njiani wakati wa vita, asiyezikwa na mikono ya wenyewe. Nje watoto walikuwa wakipiga kelele za mpira, lakini ndani ya ua ule hata wao nilikuwa nawasikia kama walio mbali. Nilikaa chini. Sikutaka kuondoka.

Niliporudi Lodwar nilimsimulia mama. Alikuwa akichambua mahindi, hakuinua macho.

"Hiyo ni ya watu wa vita," akasema. "Mwanangu hakwenda vitani. Alifuata mbuzi."

Sikubishana naye. Zikapita wiki kadhaa, sikulitaja tena jambo hilo. Kisha asubuhi moja nilimkuta ameketi mlangoni amevaa shanga zake zote na shuka safi. "Nipeleke nikaione hiyo miti," akasema.

Rafiki yangu wa vitenge alitupokea kwenye lango la miiba. Alikuwa amejifunza salamu yetu kutokana na wateja wake. "Ejok, mama," akasema, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Mama hajui Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo mimi nikawa katikati yao, nikichukua maneno ya huyu na kumpa yule.

Mama aliizunguka bustani polepole, akiutazama kila mti kama anayetazama mifugo ya mtu. Mwishowe akauliza, "Wamelala wapi?"

"Hapa hawako, mama," rafiki yangu akajibu. "Walibaki kule kule."

"Sasa mnamwagilia nini?"

"Huko walibaki hakuna mtu anawapa maji. Sisi tunawapa hapa."

Mama alitikisa kichwa. Akaniambia nimweleze kwamba yeye si mtu wa vita, kwamba wake alikwenda kutafuta mbuzi walioibwa, na hataki kukaa mahali pasipo pake. Nilieleza. Rafiki yangu alimtazama mama, si mimi.

"Wale walikuja kwenu, walikuja na bunduki?"

"Ndiyo," mama akasema kabla sijatafsiri. Neno bunduki alilijua.

"Basi," yule mama akasema. "Ni pahali yako pia."

Akatupeleka kwenye mti wa pembeni, mfupi kuliko mingine. Ulikuwa wa mdogo wake wa kiume. Alisema alikuwa kijana mcheshi asiyependa kukaa peke yake, na kwamba wana hao wawili, wa kwao na wa kwetu, hawatagombana. Akamkabidhi mama dumu.

Mama alimimina maji kidogo kidogo mpaka yakaisha. Kisha akaketi chini, miguu ameinyoosha, na akamwita kaka kwa jina la fahali wake, lile jina ambalo, kwa desturi yetu, vijana wa rika lake walikuwa wakimwitia, ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwa mama. Akaanza kumpa habari. Alimwambia kuhusu ukame uliomaliza ngamia wa majirani. Alimwambia nani ameoa, nani amezaa, kwamba mimi nashona nguo za watu wakubwa wa ofisini. Akamgombeza kwa kutangulia mbele ya wenzake siku ile, maana alikuwa amemwambia abaki nyuma. Halafu akalia kwa nguvu, na yule mama akaketi ubavuni pake akalia naye, kila mmoja kwa lugha yake.

Tuliporudi nyumbani mama alivua shanga, akaniomba nimnyoe. Majirani walikuja, tukachinja mbuzi, watu wakamlilia kaka yangu kama inavyostahili. Tangu hapo mama analala vizuri. Mgeni wa Kainuk akija humuuliza malisho na mvua, kisha humpa chai.

Mimi ndiye niliyebaki na kazi mpya. Nilidhani nitapumzika pamoja naye, kumbe kungoja ndiko kulikokuwa kumeizuia huzuni yangu. Maadamu alikuwa anatembea mahali fulani, sikuwa na haja ya kuwa na hamu naye, angefika. Sasa nina hamu naye mchana kweupe, nikiwa nimeinama kwenye cherehani, mpaka mteja ananiuliza kama ninaumwa.

Kila niendapo Kakuma kuchukua vitenge, hupita bustanini kwanza. Hukaa kando ya mti ule nikajaribu kumwona kaka kwa umri ambao angekuwa nao leo. Angekuwa mtu mzima, mwenye watoto, labda na kitambi. Natafuta uso huo, najaribu kuweka mvi kwenye nywele zake, lakini kila mara anageuka akiwa kijana yule yule, sasa mdogo kuliko mimi.