Mikate Iliyong'atwa

Mama mwenye nyumba ya wageni hapa kwenye milima ya Pamir hamsalimu mwendesha baiskeli kabla hajazibonyeza tairi zake kwa kidole gumba, kama anayepima ubivu wa tikiti. Ndipo humkalisha, akampa chai ya maziwa yenye chumvi, na kumkung'utia mchanga wa jangwa alilovuka, uliojaa kwenye viatu. Siku ya kuondoka, mgeni hung'ata mkate wa duara mara moja, na uliobaki mama huutundika ukutani umngoje arudi. Ukuta umejaa. Savsan, mke wa mwanawe, ndiye anayeupangusa vumbi, na amechoka.

Leo kijana mmoja aliondoka alfajiri bila kung'ata, na huko juu njiani theluji imeshaanza. Mama, na magoti yake mabovu, alimkimbilia na mkate mkononi, akipiga kelele mpaka kijana akasimama, akaanza kupapasa mizigo akidhani amesahau kitu.

"Ng'ata, mwanangu!"

Akang'ata. Mama alirudi akihema, akautundika.

"Mama nawe! Miaka yote hii, karudi nani?" Savsan akamtania.

"Nani kasema warudi hapa?" akajibu, akiuweka mkate sawa. "Wakifika kwa mama zao, mimi inanitosha."